Mwalimu, ziache gololi, lete tepu

Mwezi wa kwanza ukielekea ukingoni na shule zikijiandaa kufungua, duka langu la Kikuubo hujaa walimu. Wanatoka Mukono, Mityana, Masaka, wengine hata Mbarara. Wananunua daftari kwa boksi, chaki, mikebe ya jometri kwa dazeni, wanabishana bei mpaka jasho linawatoka. Kuna bidhaa moja tu ambayo hawaigusi, ile ya rafu ya chini: gololi, ambazo hapa zinaitwa dool. “Nnyabo, hizo ndizo zinazotuharibia watoto,” aliniambia mmoja huku akilipia bikari ambazo nusu yake zitakuwa zimepotea kabla ya Pasaka.

Nawajua vizuri watu hawa. Nilifundisha hesabu shule ya msingi kule Kagera kabla sijaolewa na kuvuka mpaka wa Mutukula, na najua jinsi droo ya mwalimu inavyojaa gololi, manati na mipira ya makaratasi ifikapo Ijumaa. Lakini sasa nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, nauza vifaa badala ya kuvikusanya, na nimefikia msimamo ambao najua utawaudhi walimu wa aina mbili. Yule anayenyang’anya gololi anafunga maabara pekee ambayo shule yake inayo. Na yule mwingine, wa kisasa, aliyetoka semina, anayeziingiza darasani akagawa karatasi ya maswali kumi, naye anaua mchezo bila kupata somo. Nafasi ya mwalimu katika michezo ya kurusha ipo mahali pamoja tu: penye ugomvi. Watoto wakianza kugombana, hesabu imeanza.

Kwa asiyepajua, Kikuubo ni uchochoro wa biashara za jumla katikati ya Kampala, jirani na stendi ya zamani ya teksi na mitaa ya Nakivubo. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, biskuti, kila kinachouzwa kwenye kiduka cha kijijini kimepita hapa. Wanunuzi wanatoka Sudan Kusini, Congo, Rwanda, na ndiyo maana Kiswahili changu hakijapata kutu. Likizo zikifika, wengi wetu hatuna wa kuwaachia watoto, kwa hiyo tunakuja nao. Mtoto hukaa juu ya katoni mpaka anachoka, kisha hupenya kwenda nyuma ya jengo, kwenye kipande cha saruji ambako malori hushusha mizigo alfajiri. Kuanzia saa tano asubuhi kipande hicho ni cha watoto. Mimi nakisikia kupitia dirisha la stoo.

Mchezo unaotawala ni kwepena. Wawili wanasimama pande mbili wakitupiana mpira, mmoja au wengi wako katikati wanakwepa, anayepigwa anatoka. Sisi Tanzania tuna ndugu yake, rede. Wakenya wana kati. Siku moja kelele zilizidi. Kijana wa darasa la sita alikuwa amepima uwanja kwa hatua zake kumi. Zamu ya timu ya wadogo kurusha ilipofika, akataka wapime upya kwa hatua za msichana mmoja mdogo, naye pia apige kumi. Wadogo wakashangilia, maana wangerusha kwa karibu. Wakubwa walipogundua kwamba wao ndio watakaokaa katikati, wakakataa. Hatua kumi ni hatua kumi! Si kumi zako, ni kumi zangu! Ilibaki kidogo wapigane.

Nilitoka na tepu ya fundi cherehani. Hatua kumi za mkubwa zilikuwa mita 8. Za msichana, mita 5 na nusu. Sikufundisha kitu. Niliwaachia tepu, nikarudi kwa wateja, lakini masikio yangu yalibaki kule. Kwa dakika kadhaa walibishana hatua ngapi za mdogo zinalingana na kumi za mkubwa, na bila kalamu wala ubao wakafika kwenye kumi na nne na nusu hivi. Mwalimu akiandika ubaoni 8 gawanya kwa 5.5, nusu ya darasa itasinzia. Hapa walitoa jibu kwa kupiga kelele, kwa sababu atakayekosea atapigwa mpira mgongoni.

Na swali lenyewe lina kina kuliko linavyoonekana. Chukua mpira unaorushwa kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, ambayo mtoto wa miaka kumi na miwili anaiweza. Anayekwepa akiwa katikati ya uwanja wa mita 8, mpira unasafiri mita 4, yaani sekunde 0.4. Jicho la binadamu kuona na mwili kuanza kujibu huchukua kama sekunde 0.2, kwa hiyo zinabaki 0.2 za kujipinda. Katika uwanja wa mita 5 na nusu, mpira unasafiri mita 2.75, yaani sekunde 0.275. Ondoa ile 0.2 ya kushtuka: inabaki chini ya 0.08. Umbali umepungua kwa chini ya theluthi, lakini muda wa kujiokoa umepungua kwa zaidi ya nusu. Wale wakubwa walilijua jambo hilo kwa ngozi zao. Hawakuwa na ujanja wa kulieleza, basi.

Bingwa wa kwepena pale nyuma ni binti wa muuza sukari. Hakai katikati kamwe. Mpira ukiwa mkononi mwa huyu, yeye yuko karibu na yule mwingine, kwa hiyo amejinunulia mita tatu za ziada. Mpira ukishampita anageuka na kukimbia upande wa pili kabla mdakaji hajajipanga. Wenzake wanasema ana bahati.

Kisha kuna mpira wenyewe. Bibi zao waliufunga kwa nyuzi kavu za mgomba. Siku hizi ni kaveera, mifuko ya plastiki iliyosokotwa na kufungwa kwa kamba. (Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na sijui watoto wa Mwanza wanafungia rede kwa nini sasa baada ya mifuko ya rambo kutoweka. Uganda ilipitisha katazo lake mwaka 2009. Pita Kikuubo uone limefika wapi.) Ugomvi wa mpira ni huu: mpira wa yule unakwenda mbali kuliko wetu, bila shaka ameficha jiwe ndani. Nina mizani dukani. Tuliiweka mipira miwili juu ya mizani, ikalingana. Jiwe halikuwepo. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja ulisokotwa kwa kukazwa, ukawa wa ukubwa wa chungwa, mwingine ulilegea ukawa kama embe kubwa la ng’ong’o. Uzito uleule, mkono uleule, lakini ule mkubwa unasukumana na hewa nyingi zaidi na unachoka njiani. Mtoto mmoja akauliza, tukiulowanisha je? Wakaulowanisha. Sitaki kueleza kilichotokea kwenye katoni zangu za daftari.

Lakini ugomvi mtamu kuliko wote ni wa dool, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Gololi ya kioo ikiigonga nyingine ya ukubwa uleule usoni kabisa, ile ya kwanza husimama, au karibu kusimama, na ya pili huondoka na karibu kasi yote. Kila mtoto anajua. Ikiigonga kwa pembeni, zote mbili huondoka, na njia zao zinaachana kwa karibu pembe mraba. Hili watoto wengi hawajaligundua kwa maneno, ingawa vidole vyao vinalijua, maana mchezaji mzuri hupanga gololi yake iishie karibu na shimo baada ya kugonga. Mwagie unga wa chaki kwenye saruji, acha gololi zichore njia zao, kisha weka pembe ya mkebe wa jometri. Hapo ndipo ule mkebe wa dazeni unapopata kazi.

Ugomvi ulikuja na chuma. Kijana mmoja alipata gololi ya bearing kutoka soko la Kisekka, kule kwenye vipuri vya magari. Wenzake wakasema ni wizi: chuma ni kizito, kinarusha zetu mbali. Yeye akasema hakuna sheria. Wote walikuwa na hoja, na ukiingia ndani ya hesabu utaona kwamba wote walikosea kidogo.

Chuma ni kizito kuliko kioo kama mara tatu kwa ukubwa uleule. Kikiwa na kasi sawa na ya kioo, kinaipa gololi inayogongwa kasi mara moja na nusu ya ile ambayo kioo kingeipa. Na kwa kuwa umbali wa kuviringika hufuata mraba wa kasi, gololi hiyo itakwenda mbali zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo wanaolalamika wako sahihi? Ngoja. Kidole gumba kilekile hakiwezi kukirusha chuma kwa kasi ya kioo. Tukisema kidole kinatoa nishati ileile, chuma kitaondoka na kasi ya asilimia 58 tu. Zidisha kwa moja na nusu, unapata asilimia 87. Yaani gololi iliyogongwa na chuma itakwenda polepole kuliko ingegongwa na kioo! Ukweli wa uwanjani uko katikati ya hesabu hizi mbili, kwa sababu kidole nacho kina uzito wake na hakitoi nishati ileile kwa kila kitu. Tulipopima kwa tepu, mwenye chuma, ambaye ana kidole kama cha fundi seremala, alipata faida. Mdogo wake alipokiazima hakupata kitu, na mara mbili alipata hasara. Mwishoni watoto walikipiga chuma marufuku kwa kura, si kwa sababu ya umbali bali kwa kuwa kinapasua vioo. Sababu halali kabisa. Ila sasa walikuwa wanajua walichokataa.

Nauliza: ni darasa gani la sekondari Kampala ambalo wanafunzi wamebishana kwa saa nzima kama nishati au kasi ndiyo inayobaki ileile? Swali la ukoo huohuo, nishati au uzito mara kasi, liliwagombanisha wasomi wa Ulaya karne ya kumi na saba na kumi na nane, Leibniz upande mmoja, wafuasi wa Descartes upande wa pili, na hawakulimaliza upesi. Watoto wa wauza sabuni wamelifikia wakiwa wamepiga magoti kwenye saruji.

Mpwa wangu wa kike alipokuja likizo kutoka Bukoba alileta mdako. Unarusha kijiwe juu, unakomba vijiwe vilivyo kwenye shimo, unadaka kile cha juu kabla hakijaanguka, kisha unavirudisha ukiacha kimoja. Hatuna udongo, kwa hiyo walichora duara kwa chaki. Siku ya pili tu kesi ikaja dukani. “Shangazi, huyu anarusha juu mno, hiyo siyo haki, anapata muda mwingi.” Nikawauliza, mwingi kiasi gani? Kijiwe kinachopanda sentimita 30 juu ya mkono hurudi baada ya nusu sekunde. Ukitaka sekunde nzima, wengi watakwambia urushe sentimita 60, mara mbili. Siyo. Unahitaji kama sentimita 120, mara nne. Na ukitaka sekunde mbili, kijiwe lazima kipande karibu mita 5, kikapige dirisha la ghorofa ya pili ambako kuna muuza vitenge asiye na subira. Muda huongezeka kidogokidogo, kimo kinakimbia. Ndiyo maana hakuna mchezaji wa mdako anayerusha juu sana hata akiruhusiwa: kila nusu sekunde ya ziada anailipia kwa kimo kinachozidi kuwa ghali, na kijiwe cha juu kinamkimbia pembeni. Wasichana hao waliliona wenyewe tulipoweka tepu ukutani. Wakafuta sheria ya kukataza kurusha juu, kwa sababu anayerusha juu anajiumiza mwenyewe.

Kuhusu kupima muda, neno dogo kwa walimu wenye simu za kitochi. Usipime mrusho mmoja, kidole chako kwenye kitufe kinachelewa kuliko kijiwe. Pima kumi mfululizo kisha gawanya.

Na si watoto peke yao. Asubuhi wapagazi wa Kikuubo wanapokezana katoni kutoka juu ya lori kwa kurushiana, na mgeni akijaribu kudaka kwa mikono iliyokakamaa anaugulia mabega wiki nzima. Katoni ya kilo 10 iliyoanguka mita 2, ukiisimamisha ndani ya sentimita 10, mikono yako inabeba kwa kitambo kidogo kama kilo 210. Ukiiacha ikushushe nusu mita, kama wanavyofanya wao kwa kuchuchumaa, ni kilo 50. Hakuna mpagazi aliyesoma jambo hili, lakini kuna wanafunzi wa kidato cha nne wanaoandika kanuni yake kwenye mtihani na hawajawahi kudaka kitu kizito maishani.

Watu wazima nao hutatua ugomvi wa kurusha kwa fizikia. Mwaka 1984 Mjerumani wa Mashariki Uwe Hohn alirusha mkuki mita 104.80 mjini Berlin, na wasimamizi wa riadha wakaona viwanja havitatosha. Wakafanya nini? Kuanzia 1986 kituo cha uzito cha mkuki wa wanaume kilisogezwa mbele sentimita 4, ili ncha iiname mapema. Mkuki ukafupika safari yake bila mtu kukatazwa kutumia nguvu. Ni mkuki wa aina hiyo mpya alioushika Julius Yego wa Kenya, kijana aliyejifunza sehemu kubwa ya kazi yake kwa kutazama video za YouTube, alipourusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia. Kuna mtu atasema Yego ni kipaji. Sawa. Lakini mtu anayesimamisha video mara kwa mara kuangalia pembe ya mkono wa bingwa anafanya kazi ya sayansi, hata kama hana karatasi.

Nakuja kwenye sera, maana gazeti hili halinilipi kuhadithia gololi tu. Uganda haijaipuuza sayansi. Masomo ya sayansi yalifanywa ya lazima sekondari tangu 2006. Mradi wa SESEMAT, ulioanza mwaka 2005 kwa msaada wa Japani, ulikusudia hasa kumtoa mwalimu kwenye chaki na kumpeleka kwenye vitendo. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, walimu wa sanaa wakagoma. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umeweka kazi za wakati wote wa masomo ndani ya alama za mwisho. Yote haya nayaunga mkono. Ila nikiwa nyuma ya kaunta naona yanavyofika chini. Wanafunzi wanakuja na orodha ya mradi: dawa za kutengenezea sabuni ya maji, rangi, manukato, chupa. Darasa zima orodha moja. Mzazi analipa, sabuni inatengenezwa, ripoti inanakiliwa, alama zinapatikana. Hakuna aliyebishana na mwenzake juu ya chochote. Na bila ubishi hakuna kilichopimwa, kilichopikwa ni sabuni.

Shule za msingi hali ni ngumu zaidi. Mtihani wa darasa la saba una karatasi nne, hesabu na sayansi ni nusu yake, na kwa ajili hiyo mapumziko yanaliwa na mazoezi ya ziada, hata likizo, ingawa wizara hukataza. Mtoto anayesoma tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka jioni hana muda wa kuchezea gololi, na asipoichezea atafika kidato cha kwanza akisikia habari za mgongano kwa mara ya kwanza kutoka ubaoni.

Kuna jambo la lugha pia. Mtaala wa msingi wa mwaka 2007 unasema madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini hapa Kampala shule nyingi zinakimbilia Kiingereza tangu siku ya kwanza. Wale watoto nyuma ya duka wanagombana kwa Kiganda kilichochanganyika na Kiswahili cha madereva wa malori, na hoja zao zina mguu na kichwa: kama, basi, kwa hiyo, isipokuwa. Waulize jambo hilohilo kwa Kiingereza cha shuleni, wanakaa kimya kama waliomeza maji. Mtu asije kuniambia hawajui kufikiri.

Walimu wana hofu moja ambayo siwezi kuicheka: kamari. Dool huchezwa kwa kula. Aliyeshinda anaondoka na za mwenzake. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25 kubeti, na bado vijana wadogo kuliko hapo wamejazana kwenye vibanda vya kubeti mtaa wa pili kutoka hapa. Mimi kwangu kucheza kwa kula nimekataza. Lakini nimeona pia kwamba mtoto aliyeandika kwa chaki amegonga mara ngapi kati ya ishirini kutoka mita 2, na mara ngapi kutoka mita 4, anakuwa mgumu sana kudanganywa na mtu anayemwambia “leo ni bahati yako”. Kubeti kunalishwa na watu wasiohesabu walivyokosa.

Nikirudi kwenye maswali ya watoto, nimekumbuka pia Erasto Mpemba, kijana wa shule ya Magamba kule Tanzania, aliyeona mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule usio wa moto. Baadaye mwalimu mmoja alimcheka darasani, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hakuacha kuuliza, mpaka alipompata Denis Osborne wa chuo kikuu kule Dar es Salaam, ambaye alikwenda kujaribu badala ya kucheka, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo lenyewe ni kweli kila mara. Kinachonigusa mimi ni kwamba mtu mzima mmoja alikubali kwamba swali la mtoto ni swali.

Ninachowaomba walimu ni kidogo, na kingi cha hicho ni kutofanya. Msipange mchezo. Msigawe karatasi. Msimpe alama aliyelenga vizuri. Kaeni karibu na kiwanja mkiwa na tepu, mizani ikipatikana, simu yenye saa, na msubiri. Ugomvi utakuja, na ukija mtoto atawaita mwenyewe. Ulizeni “kiasi gani?” kisha mfunge mdomo, jambo ambalo najua kwa mwalimu ni mateso. Baadaye, darasani, Jumatatu, kipeo cha pili kikiandikwa ubaoni, kutakuwa na msichana mmoja anayekumbuka dirisha la muuza vitenge.

Muhula uliopita mwalimu mmoja wa kutoka upande wa Mukono alinielewa. Akachukua mfuko wa gololi na tepu tano. Tatizo likaja kwenye risiti. Mfumo wa risiti za kielektroniki, ule uliotufanya wafanyabiashara wa Kampala tufunge maduka Aprili 2024, unataka kila bidhaa iwe na kundi lake, na bwana fedha wa shule yake asingelipia kitu kilichoandikwa vitu vya kuchezea. Tulikaa tukitafuta kwenye orodha huku foleni ikinung’unika. Mwisho nikamwandikia tepu kama vifaa vya kupimia, na gololi nikaziacha palepale kwenye vitu vya kuchezea, maana sitaki kesi na watoza kodi. Nikamshauri amweleze bwana fedha kwa mdomo. Amerudi wiki hii kuchukua mfuko wa pili. Bwana fedha alilipa, anasema, baada ya kushindwa mara tatu kugonga kutoka mita 3. Safari hii alitaka na za chuma. Nikamwelekeza Kisekka.